Miche ya Londiani, Maji ya Bondeni

Bondeni, Nakuru
12 Mei 1957

Mdogo wangu Abdisalam,

Assalaam aleikum. Sisi huku wazima, tunamshukuru Mungu. Idi ilikwenda vizuri, isipokuwa nafasi yako kwenye sinia ilibaki wazi na nyama yako nikaila mimi. Mkeo Hadiya hajambo, ingawa bado ananisalimu kama mtu anayelipa faini. Safiyo wenu ameng'oka meno mawili ya mbele na kila anayeingia nyumbani lazima ayaone. Cherehani yangu imepona, nashona tena.

Sasa nikuambie lililonifanya niandike. Unakijua kile kiwanja kitupu nyuma ya madrasa, pale watu wanapomwaga majivu. Ofisi ya mji inataka kujenga kilabu cha pombe hapo hapo. Watoto wasome Kurani huku walevi wanaimba ukutani. Tulikwenda ofisini wanawake arobaini, na mimi nikiwa mbele. Tulipelekwa kwa mzungu anayesimamia bustani za mji. Sisi tunamwita Bwana Maua, maana jina lake mwenyewe linatushinda. Nikamwambia kiwanja kile tunakitaka sisi, tukifanye bustani ya watu wa Bondeni, na kazi tutafanya wenyewe bila mshahara.

Alicheka. Akasema, "Nyinyi mama nataka bustani? Sawa. Mimi napa nyinyi mpaka mwisho ya Februari. Kama mimi ona bustani, nakaa. Kama mimi ona pori, kilabu najengwa." Akaandika karatasi, jina langu likiwa juu. Kisha akatupa vijiti vya waridi na miche ya jakaranda, ili tufanane na Milimani wanakokaa wazungu.

Nimevirudisha. Usishtuke. Kule Milimani kila waridi lina mtu wake na mpira wake wa maji. Sisi tuna mfereji mmoja kwa laini nzima. Nataka miti inayoijua nchi hii: mzeituni wa pori, ule mama aliokuwa akifukizia kibuyu cha maziwa, mtarakwa, mgunga, leleshwa, mshubiri. Wewe ni nyapara wa kitalu cha serikali, msitu uko mlangoni kwako. Niletee miche.

Tumegawana kazi kwa vyama vyetu vya ngoma ya lelemama. Chama changu, Hatuchoki, tuna upande wa mashariki. Bora Adabu wana upande wa magharibi, na kiongozi wao unamjua kwa sababu ulimwoa. Katikati tumepanga mstari wa mawe, ili ijulikane nani anafanya kazi na nani anajipaka wanja.

Dada yako,
Kuluthum binti Dualeh


Londiani, Kitalu cha Miche
29 Mei 1957

Dada yangu mpendwa,

Waaleikum salaam. Barua yako niliisoma nikiwa nimejifunika blanketi mbili, baridi ya huku haina haya. Nafurahi kwamba nyama yangu ililiwa na mtu mwenye hamu. Mwambie Safiyo ayatunze hayo meno, nitayaona nikija.

Dada, nakuheshimu, lakini hilo siwezi. Miche ya hapa ni misaiprasi, mikaratusi na misonobari, nayo imehesabiwa mmoja mmoja. Mzeituni wa pori haupandwi na mtu, hukatwa tu. Nikitaka kuuchimbua msituni lazima niwe na ruhusa ya bwana msitu, na nikimwomba ruhusa ya kuchimba leleshwa atadhani nina homa. Nimefanya kazi hapa miaka kumi na moja mpaka nikapewa kofia ya unyapara. Wako watu thelathini chini yangu.

Chukua yale mawaridi. Yakifa, yatakuwa yamekufa mikononi mwa aliyekupa. Na ikiwa wakubwa wameshaamua kujenga kilabu watajenga. Dua la kuku halimpati mwewe.

Na hiyo habari ya mawe katikati siipendi. Wewe na Hadiya mkianza kushindana, atakayeumia ni mimi.

Mdogo wako,
Abdisalam


Bondeni, Nakuru
8 Juni 1957

Abdisalam,

Salamu zako zimefika. Wote wazima. Mvua bado ipo, lakini haitatungoja mpaka ushujaa wako ukue.

Kuku gani? Mimi si kuku. Mama alipotuleta Nakuru, alijenga chumba kwa madebe yaliyopasuliwa, akaambiwa avunje mara tatu, na mara ya nne waliomwambia walichoka. Wewe ulilala ndani ya chumba hicho. Hukuuliza kama kina ruhusa.

Wanawake wameshapiga majembe wiki tatu. Majivu tumeyazoa kwa karai, vigae vya chupa tumeviokota mpaka vidole vikatoka damu. Mashimo mia na ishirini yako wazi. Bwana Maua alipita kwa gari juzi, akapunguza mwendo, akayatazama mashimo yetu, akatabasamu. Sitaki kuliona tena tabasamu hilo.

Kama hutaki kutuma, niandikie "sitaki". Usiniandikie "siwezi". Maji nimeshayavulia nguo, lazima niyaoge.

Kuluthum


Londiani
23 Juni 1957

Dada,

Wasalaam. Kifua kilinibana kidogo lakini sasa naendelea.

Vikapu sita vitafika Jumatano kwa gari la moshi. Mpokee Owuor, yule gadi mrefu mwenye mwanya. Juu utaona kabichi. Kabichi ni zako na Hadiya, gawaneni. Chini yake ni vitu ulivyotaka: mizeituni ishirini na minne, mitarakwa ishirini, migunga kumi na sita, leleshwa thelathini, mishubiri thelathini. Vikapu vitatu ni vya upande wako na vitatu vya upande wa mke wangu. Ni sawa kwa sawa, nimehesabu mara mbili kwa usalama wangu.

Usiniulize nimeipata wapi. Mwenzangu Kosgei, ambaye amezaliwa msitu huu, alinionyesha mahali.

Sikiliza sana hapa. Siku ya kupanda mwagilia. Mvua ikikatika, mwagilia mara moja kwa wiki, mwezi wa kwanza tu. Baada ya hapo iache. Hii ni miti ya shida, usiibembeleze.

Abdisalam


Bondeni, Nakuru
20 Julai 1957

Mdogo wangu wa damu,

Salaam nyingi kutoka nyumba hii na nyumba ya jirani na jirani wa jirani. Jina lako sasa linaombewa dua kila Ijumaa. Safiyo meno yameanza kuota, moja limepinda kama lako.

Miche ilifika yote. Owuor alishuka na kikapu kichwani akasema, "Mama, kabichi ya Londiani siku hizi iko na miiba?" Nikampa mandazi akasahau swali. Tulipanda siku mbili. Kuna mama anayetuletea maziwa kwa punda kutoka upande wa Kiamunyi, anaitwa Jeruto. Alipoona leleshwa alishika kiuno akacheka mpaka maziwa yakamwagika. "Hii tunang'oa shambani kila siku, nyinyi mnapanda?" Lakini kesho yake alirudi na miche ya mti anaouita senetwet, ambao makaa yake wao husugulia ndani ya vibuyu vya maziwa. Maua yake ni ya manjano. Akapanda mwenyewe, kila upande sita, akaondoka.

Sasa sikia habari nzuri. Hatuchoki tumewaacha Bora Adabu mbali. Tuna zamu, wanawake wanane asubuhi na wanane jioni, tukipanga foleni kutoka mferejini mpaka uwanjani, na sare zetu za leso nyekundu, tukiimba. Tunamwaga madebe arobaini kwa siku. Na ili maji yetu yasivuke mawe yakawanufaishe wengine, kila mti tumeujengea beseni la udongo wa ziwani, ukapigwa lipu kwa mikono. Maji yanasimama humo kutwa nzima, unaweza kujitazama uso. Hadiya na wenzake wa leso za buluu wanaleta madebe kumi kwa wiki, wanamwagia, wanakaa chini kusukana nywele. Nilimwambia, "Wifi, miti yako itakufa kwa kiu." Akanijibu, "Mume wangu aliandika mara moja kwa wiki." Mume wangu, mume wangu. Kwani mimi si dada yake?

Chama kitakachoshindwa Februari kitapikia kingine biriani. Nimeshachagua sufuria yao.

Dada yako mwenye furaha,
Kuluthum


Bondeni, Nakuru
14 Septemba 1957

Abdisalam,

Natumaini uko hai. Wiki nane bila neno lako. Shangazi yetu wa Gilgil alikuja na kuuliza, nikamdanganya kwamba umeandika.

Sisi wazima. Nina jambo moja la kukulaumu nalo ni miche yako. Ile ya upande wangu imekuwa ya manjano. Leleshwa zinaanguka majani, migunga sita imekauka kuanzia ncha, mizeituni inanuka kwenye shina. Nadhani uliniwekea mibovu. Ile ya upande wa pili imesimama kijani, na sababu siioni, ila kama mtu alichagua mizuri akampelekea mkewe. Sisemi ni wewe. Nasema vikapu vilifungwa na mtu.

Tumeongeza maji ili kuiokoa.

Kama umekasirika kwa lolote, andika. Kukaa kimya si tabia ya nyumba yetu.

Kuluthum


Londiani
3 Novemba 1957

Dada Kuluthum,

Wasalaam. Nisamehe kwa kuchelewa. Mkono wa kulia unaniuma, siku hizi nashika jembe zaidi ya kalamu. Kazi ni nyingi. Mvua huku haijakoma tangu Agosti. Kosgei anakusalimu, amepata mtoto wa kike.

Miche yote ilitoka mahali pamoja. Hakuna niliyemchagulia mtu.

Nina swali, na naomba jibu la kweli. Mnaipa maji kiasi gani?

Hadiya ameniandikia, lakini nataka nisikie kutoka kwako.

Mdogo wako,
Abdisalam


Bondeni, Nakuru
15 Desemba 1957

Abdisalam,

Barua yako ninayo, nimeisoma, na swali lako nimeliona. Tuliache kwanza.

Bwana Maua amekuja. Alitembea upande wangu akivunja matawi makavu kwa vidole, moja baada ya jingine, kisha akavuka mawe akaingia kwa Hadiya. Huko hakuvunja kitu. Akarudi akasimama juu ya mstari wetu wa mawe, mguu huku mguu kule. "Nusu hii, hapana mti. Nusu hii, mimi naangalia Februari. Kilabu naweza kutosha nusu." Akamwita karani wake, Masinde, wakavuta utepe wa kupimia sawasawa na mawe yetu. Mawe yetu wenyewe, Abdisalam, tuliyoyabeba kwa vichwa, ndiyo yaliyomwonyesha pa kukata.

Hakuishia hapo. Amesema kiangazi kimeingia na maji ya mfereji ni ya watu. Askari anakaa pale sasa. Mwanamke akionekana na debe kuelekea kiwanjani ananyang'anywa debe. Alidhani hapo ametumaliza.

Lakini hilo bado si lililonifanya nishike kalamu. Juzi nilikwenda stesheni kumpa Owuor sabuni akuletee. Nikamwambia, mpe nyapara. Akaniangalia. Akasema, "Nyapara gani, mama? Abdi alipokonywa kofia tangu mwezi wa saba. Bwana msitu alikuta mashimo kule juu, akauliza nani amechimba, yeye akasema ni yeye mwenyewe. Sasa anapalilia na vibarua wa juzi juzi. Hukuambiwa?"

Nilikaa kwenye benchi ya stesheni mpaka gari lilipoondoka.

Miaka kumi na moja. Na wewe unaniandikia mkono unakuuma. Mimi nikakuandikia miche yako ni mibovu, na wewe ukainama ukapalilia, usijibu. Kwa nini hukuniambia? Mficha uchi hazai. Ungesema, ningepanda gari la moshi siku hiyo hiyo nikamfuata huyo bwana msitu mpaka chakula chake cha mchana kipoe.

Kuluthum


Londiani
9 Januari 1958

Dada yangu,

Waaleikum salaam. Sabuni imefika. Naomba usije kumfuata mtu, chakula chake cha mchana hakina hatia.

Ni kweli. Sikuandika kwa sababu niliona aibu. Nilikuwa nawaamuru watu thelathini, na asubuhi moja nikasimama nao mstarini kupokea jembe, na aliyenigawia alikuwa kijana niliyemfundisha kutofautisha msaiprasi na majani. Miezi miwili ya kwanza sikuweza kuandika jina langu kwenye karatasi. Hadiya pia sikumwambia.

Lakini sikiliza, dada, nami nina ulimi wa nyumba ile ile. Bwana msitu aliniuliza kama najuta. Aliniambia nikisema najuta, kofia ninarudishiwa mwezi ujao. Nikamwambia, bwana, nimepanda mikaratusi yako laki moja na hakuna hata mmoja niliowahi kukaa chini yake. Ile miche sabini na ushee niliichimba kwa mikono yangu na inakwenda kwa watu wangu. Sijuti. Aliniuliza pia nani alinionyesha mahali. Nikasema niliota. Kosgei bado ana kazi yake.

Nilianza kwa kukuambia dua la kuku halimpati mwewe. Mwewe akinipitia tena nitamwonyesha kucha zangu.

Hesabu yako ya miche utaona imezidi sabini na ushee. Mingine ilitoka safari ya pili, ambayo hakuigundua. Usiitaje kwa Owuor.

Swali langu la maji bado liko palepale. Najua jibu lake, dada. Nataka ulitoe wewe.

Abdisalam


Bondeni, Nakuru
2 Machi 1958

Mdogo wangu Abdisalam,

Assalaam aleikum wa rahmatullah. Sote wazima. Safiyo anasoma juzuu ya pili. Nyumba ya jirani yetu Mama Nasimiyu wamepata pacha. Kiangazi ni kikali, vumbi la ziwa linaingia mpaka ndani ya chai. Nimemaliza habari za nyumbani, sasa sina pa kujificha.

Madebe arobaini kwa siku. Ulipoandika tusiibembeleze nilisoma vizuri, macho yangu hayana kasoro. Nilimwona Hadiya anafuata maneno yako nikaona nikifanya kama yeye nitakuwa nyuma yake. Miche iliyokugharimu kofia yako niliizamisha mimi, kwenye mabeseni niliyoyapiga lipu kwa mikono hii, ili nimshinde mkeo ngoma. Kisha nikasema ni kosa lako. Naomba radhi. Sijawahi kukuomba radhi tangu uzaliwe, kwa hiyo isome mara mbili.

Askari alipofunga mfereji ndipo mambo yalipogeuka. Jeruto alipita na punda wake akatazama mabeseni yetu yaliyokauka. Akasema, "Heri hivyo. Ulikuwa unapea hii miti maji mingi, mama, kama mtoto wa ng'ombe. Hii haitaki." Tukayabomoa mabeseni. Baada ya wiki tatu bila tone, mizeituni minne niliyokuwa nimeisomea innalillahi ikatoa majani mapya shinani. Leleshwa tisa zikarudi. Mtarakwa hata mmoja haukurudi, na migunga na mishubiri yote ilikuwa imekufa. Amri ya kutunyima maji iliokoa kilichobaki.

Lakini nusu yangu bado ilikuwa uwanja, na utepe wa kilabu ulikuwa umeshapimwa. Nilimwendea Hadiya. Kwa miguu yangu, mchana, watu wakiniona, nikabisha mlango wake. Nilikuwa nimepanga maneno njia nzima. Hakunipa nafasi ya kuyasema. Alikuwa anafunga leso kiunoni, jembe liko mlangoni. Akasema, "Nilikuwa nakuja kwako, wifi. Yale mawe tunayatoa lini?"

Tuliyatoa siku hiyo hiyo, wekundu na wabuluu wamechanganyika, tukayapeleka msikitini yajengewe mahali pa kutawadhia. Kisha Hadiya akachimbua mishubiri yake. Nilimzuia, nikamwambia kiangazi hiki utaua na yako. Akasema mshubiri ukiung'oa ukautupa juu ya paa utachipua huko. Akaitenganisha machipukizi, akayapanda upande wangu. Jeruto na jirani zake wakaleta mingine kutoka mitelemko ya Menengai, sogi nne za punda, mingine ikiwa na mikuki ya maua tayari. Hatukutumia debe hata moja. Yule askari alituangalia siku sita bila cha kunyang'anya.

Ijumaa iliyopita, tarehe ishirini na nane, Bwana Maua akaja na Masinde na utepe. Ungekuwepo, Abdisalam. Jakaranda zake za Milimani zilikuwa zimesimama na vumbi, na nyasi zao zimekuwa rangi ya gunia. Kwetu mishubiri ilikuwa imewaka nyekundu kuanzia ukuta wa madrasa mpaka barabarani, na senetwet za Jeruto zina maua ya manjano. Alitembea kutafuta mawe. Akatembea tena. Akasema, "Wapi mpaka?"

Nikasema, "Tuonyeshe wewe, bwana."

Akafungua karatasi. "Jina yako hapa. Wewe chagua nusu. Nusu ingine ya kilabu."

"Sijui nusu ni ipi."

Akaniacha akamgeukia mkeo. Sauti yake ikawa laini, hapo ndipo nilipoogopa. "Mama, mimi nakumbuka wewe. Miti yako ilikuwa mzuri sana. Onyesha mimi mahali yako tu. Mimi naandika jina yako, wewe peke yako. Huyu mwingine, basi."

Kusema kweli, mimi ningekuwa yeye, Julai iliyopita, ningeonyesha. Hadiya alinyoosha mkono. Akaonyesha kwenye kona ya mashariki, ule mgunga mkubwa kuliko yote, mweusi, umekauka mpaka mizizi, ambao tulikuwa hatujaung'oa. "Ule ndio wangu," akasema. "Nimeuua mwenyewe kwa maji. Mahali pangu ni pale."

Sikuweza kuvumilia. Nikasogea mbele nikasema, "Bwana, huyu ni mwongo. Ule mgunga ni wangu. Nimeuua mimi, madebe arobaini kwa siku, muulize mtu yeyote hapa." Hadiya akasema mimi ndiye mwongo. Nikamwambia asinivunjie heshima mbele ya watu. Akasema heshima yangu anaijua. Abdisalam, tuligombana kwa sauti ya kusikika sokoni, kila mmoja akidai ndiye aliyeua mti, na wanawake wa Hatuchoki wakimshuhudia Hadiya na wa Bora Adabu wakinishuhudia mimi. Masinde alikunja utepe. Alikuwa anatafuna shavu ili asicheke.

Bwana Maua alingoja tunyamaze, akaona hatutanyamaza. Akasema kwa hasira, "Hii bustani wazimu." Masinde, kalamu ikiwa tayari, akauliza, "Niandike bustani, bwana?" Akaitazama mishubiri, kisha akasema, andika. Mwaka mmoja. Februari ijayo anakuja tena, na tumeambiwa tusimletee mti kutoka msitu wa serikali bila barua. Nikamwambia barua ya kwanza ataiona, na kwamba nyapara wa bustani yetu ni mtu aliyeinunua kazi hiyo kwa bei kubwa. Hakuelewa. Si lazima aelewe.

Kwa hiyo njoo. Mshahara hatuna, chakula kipo, na kofia Hadiya ameshaikata kitambaa, mimi naishona, nyekundu upande mmoja na buluu upande mwingine, utaivaa hata ukiona haya. Ukipenda kubaki Londiani kupalilia ubaki, hiyo nayo ni kazi ya mtu mzima. Ila usinifiche tena kitu.

Ule mgunga mkavu hatujaung'oa. Hadiya anasema ni wake, mimi nasema ni wangu, na mpaka leo hakuna aliyekubali kushindwa.

Dada yako,
Kuluthum binti Dualeh